NDADAYE: Rais aliyepewa kura, bunduki zikabaki kwa wenyewe

Kuna swali ambalo huwa linarudi kila mara nchi ya Afrika inapotoka kwenye utawala wa kijeshi au wa chama kimoja. Hivi ukishashinda uchaguzi, umeshaishika nchi? Wengi tunajibu haraka haraka kwamba ndiyo. Kura zimehesabiwa, mshindi kaapishwa, wananchi wamecheza ngoma, basi kazi imekwisha.

Kama na wewe ni mmoja wa wanaojibu hivyo, naomba leo unisome mpaka mwisho. Tunamzungumzia Melchior Ndadaye wa Burundi, rais wa kwanza wa nchi hiyo kuchaguliwa kidemokrasia na wananchi. Alikaa Ikulu siku mia moja na kitu tu. Wengine mtakuwa mmemsikia kwa jina, hasa walioko Kigoma na Ngara, maana kifo chake ndicho kilicholeta wakimbizi kwa maelfu upande ule. Lakini ukiuliza vijiweni huyu bwana alifanya nini hasa mpaka akauawa, utapata majibu kumi tofauti. Haya, tuanze mwanzo.

Ndadaye alizaliwa Machi 28, 1953, katika eneo la Nyabihanga, mkoa wa Muramvya wa wakati ule, katikati ya nchi. Familia ya kawaida ya wakulima, watoto wengi, yeye akiwa wa kwanza. Alikuwa na akili darasani, akapelekwa Gitega kwenye chuo cha ualimu. Mpango ulikuwa awe mwalimu, aoe, ajenge, maisha yaende.

Mwaka 1972 ukauvunja mpango huo.

Ili uelewe 1972, rudi nyuma kidogo. Burundi ilikuwa na bahati mbaya ya kumpoteza kiongozi wake hata kabla ya uhuru. Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64, alipigwa risasi Oktoba 13 mwaka huohuo. Uhuru ukaja Julai 1, 1962, nchi ikiwa haina mtu wa kuiunganisha. Mwaka 1966 Kapteni Michel Micombero akaufuta ufalme, akatangaza jamhuri. Toka hapo hadi 1993 nchi iliongozwa na wanajeshi watatu, mmoja akimpindua mwenzake: Micombero, kisha Jean-Baptiste Bagaza mwaka 1976, kisha Pierre Buyoya mwaka 1987. Wote watatu Watutsi, wote kutoka mkoa mmoja wa Bururi. Na kwa makadirio yanayotumika siku zote, Wahutu ni kama asilimia 85 ya wananchi, Watutsi 14, na Watwa 1.

Sasa Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia kusini, maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi. Jeshi likajibu, na jibu lake halikuwa la kuwatafuta waasi peke yao. Lilimtafuta kila Mhutu aliyesoma. Walimu, makarani, wauguzi, wafanyabiashara, wanafunzi wa vyuo na hata wa sekondari walichukuliwa kwenye malori na hawakurudi. Makadirio ya waliouawa yanaanzia watu laki moja na kwenda hadi laki tatu. Ndadaye alikuwa na miaka 19, mwanafunzi, Mhutu. Yaani alikuwa mtu hasa wa kwenye ile orodha. Aliponyoka akavuka kwenda Rwanda.

Huko Rwanda alikaa miaka kumi na moja. Alimaliza shule Butare, akasoma saikolojia na elimu chuo kikuu, akafundisha. Na humo ndimo alimoanza siasa, kwanza kwenye umoja wa wanafunzi wa Kirundi ulioanzishwa mwaka 1976, halafu kwenye chama cha siri cha wafanyakazi kilichojulikana kwa kifupi kama UBU, mwaka 1979.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Wakimbizi wa 1972 walikuwa na kila sababu ya kutaka kisasi, na wapo waliochagua njia ya bunduki. Ndadaye alitofautiana na wenzake ndani ya UBU, akajitoa, na mwaka 1983 akarudi Burundi. Fikiria mwenyewe. Anarudi kwenye nchi ya Bagaza, chama kimoja, usalama wa taifa kila kona, bila askari wala silaha nyuma yake. Aliamini nchi ile itabadilishwa kutoka ndani, kwa hoja na kwa watu.

Akafanya kazi za kawaida kabisa. Alikuwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Gitega, kisha akasimamia vyama vya akiba na mikopo vya vijijini, baadaye akaingia benki. Kazi ile ya mikopo ilimfikisha kwa wakulima wa kila aina, akajua wanachokilalamikia. Mwaka 1986, kwa siri, yeye na wenzake wakaanzisha FRODEBU. Si mchezo, maana kukamatwa na karatasi ya chama kingine zaidi ya UPRONA kulitosha kukufikisha jela.

Na jela akaionja. Agosti 1988 yalitokea mauaji Ntega na Marangara, kaskazini mwa nchi. Wahutu walianza kuua majirani zao Watutsi, jeshi likaja likaua Wahutu kwa maelfu. Ndadaye akasimama hadharani Gitega kwenye mkutano na kusema wazi kwamba tatizo la ukabila lipo na serikali iache kulifunika. Akakamatwa, akafungwa Rumonge kwa miezi kadhaa.

Buyoya naye, tumpe haki yake, aliona kwamba mambo hayawezi kuendelea vile. Baada ya damu ya 1988, na wafadhili wakibana, alimteua Mhutu Adrien Sibomana kuwa waziri mkuu, akaleta Mkataba wa Umoja mwaka 1991, na Machi 1992 wananchi wakapiga kura ya kuikubali katiba ya vyama vingi. FRODEBU ikatoka mafichoni. Neno la Kirundi la demokrasia, intwaro rusangi, yaani utawala wa pamoja, likawa mdomoni mwa kila mtu.

Juni 1, 1993, watu walipanga foleni tangu alfajiri. Waliojitokeza walikaribia asilimia 97 ya walioandikishwa. Ndadaye akapata karibu asilimia 65. Buyoya, rais aliyekuwa madarakani na ambaye wengi walidhani atashinda kiulaini, akapata theluthi moja hivi. Wiki nne baadaye ukafanyika uchaguzi wa wabunge: FRODEBU viti 65, UPRONA 16. Buyoya akakubali matokeo. Magazeti ya dunia yakaimba sifa kwamba hatimaye Afrika imepata mfano wa kuigwa.

Lakini ngoja kidogo. Angalia sherehe ile kwa macho ya Mtutsi wa Bujumbura. Yeye hakuona chama kimeshinda chama. Aliona kabila kubwa limemeza kabila dogo, na akilini mwake kuna Rwanda ya 1959 ambako Watutsi waliuawa na kufukuzwa, na wengi wa wakimbizi hao anaishi nao jirani. Wanafunzi waliandamana Bujumbura kupinga matokeo. Usiku wa kuamkia Julai 3, hata rais mpya hajaapishwa, baadhi ya wanajeshi walijaribu mapinduzi. Wakashindwa. Wachache wakakamatwa, maisha yakaendelea.

Jaribio lile lilikuwa barua ya wazi kabisa. Julai 10 Ndadaye akaapa.

Swali ni alianzaje. Wapo wanaosema alianza kwa jeuri ya mshindi. Tuangalie aliyoyafanya. Waziri mkuu alimteua Sylvie Kinigi, mwanamke, Mtutsi, mchumi, na tena wa chama cha UPRONA kilichoshindwa. Katika baraza la mawaziri aliwaingiza wapinzani na Watutsi ambao kwa hesabu za bungeni hakuwa na haja nao. Alitoa msamaha kwa wafungwa wa kisiasa, na rais wa zamani Bagaza, ambaye Buyoya alimzuia kurudi, akaruhusiwa kurejea nyumbani. Jeshi hakulivunja. Kwa mtu ambaye miaka 21 nyuma alikimbia kuuawa, hii si tabia ya kisasi.

Sasa upande wa pili. Ndani ya miezi hiyo mitatu serikali yake iligusa vitu vinne kwa mpigo, na kila kimoja kilikuwa na wenyewe.

Cha kwanza, ajira za serikali. Burundi haina viwanda vya kusema, haina bahari. Kwa msomi, njia ya kula vizuri ilikuwa ni ofisi ya serikali. FRODEBU ilipoanza kubadilisha magavana na wakuu wa komini na kuweka watu wake, kila nafasi iliyokwenda kwa Mhutu mpya ilikuwa mshahara, nyumba na gari vimetoka kwa familia fulani. Washindi walisema wanarekebisha dhuluma ya miaka thelathini. Walioshindwa waliona wanafagiliwa.

Cha pili, ardhi. Wakimbizi wa 1972 wakaanza kurudi kutoka Tanzania na kwingineko. Walikuta mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac yana watu wengine, baadhi wakiwa na hati za serikali. Mtu amekaa pale miaka ishirini, watoto wamezaliwa pale. Mwingine anasema babangu alizikwa hapa. Utamwambia nani aondoke?

Cha tatu, mikataba. Serikali mpya ikataka kupitia upya mikataba ya biashara ya utawala uliopita, ikiwemo ya dhahabu. Wakubwa wenye mkono humo hawakupenda.

Cha nne, na hiki ndicho chenye moto, jeshi. Maofisa karibu wote walikuwa Watutsi, wengi wa Bururi. Kukawa na mipango ya kuitenganisha polisi ya jandarma na jeshi, na ya kubadilisha namna ya kuandikisha askari ili vijana wa kila mkoa na kila kabila waingie. Ukitazama kwa haki, ni jambo la kawaida kabisa. Lakini kwa askari wa kambini maana yake ilikuwa moja tu, kwamba ile ngao iliyomlinda yeye na ndugu zake inachukuliwa. Na yeye ndiye aliyekuwa ameishika.

Hapo ndipo penye mtego. Angeenda polepole, wapiga kura wake waliongoja miaka thelathini wangesema kawasaliti. Ameenda haraka, wenye silaha wakaona wanamalizwa. Katiba ilimpa cheo cha amiri jeshi mkuu, lakini askari waliokuwa wakilinda geti la Ikulu hawakuwa wake.

Oktoba 1993 alikuwa safarini, New York kwenye Umoja wa Mataifa, kisha Mauritius kwenye mkutano wa nchi zinazotumia Kifaransa. Akarudi. Oktoba 20 kulikuwa na kikao cha baraza la mawaziri, na waziri wake wa ulinzi akamdokeza kuwa kuna fununu ya mapinduzi. Usiku huohuo vifaru vikatoka kambini. Ikulu ikazingirwa, ikapigwa. Mkewe na watoto walinusurika na kupata hifadhi ubalozi wa Ufaransa. Asubuhi ya Oktoba 21 Ndadaye alipelekwa kambi ya Muha, mikononi mwa maofisa waliopaswa kumlinda. Toka hapo wakamhamishia kambi ya askari wa miamvuli, na humo wakamuua. Alikuwa na miaka 40.

Hawakuishia kwake. Waliua spika wa bunge Pontien Karibwami na naibu wake Gilles Bimazubute, ambaye alikuwa Mtutsi. Waliua pia waziri wa utawala wa mikoa, Juvénal Ndayikeza, na mkuu wa usalama, Richard Ndikumwami. Ukiisoma katiba ya 1992 unaelewa mara moja, maana rais akifa spika ndiye anayeshika nafasi. Waliopanga walikuwa wameisoma katiba vizuri kuliko waliokuwa wakiisherehekea.

Mapinduzi yenyewe yalishindwa baada ya siku chache, maana dunia nzima ililaani na mawaziri waliopona waligoma kushirikiana nayo. Ila balaa lilikuwa limeshaanza vijijini. Habari za kifo zilipotangazwa redioni, Wahutu wenye hasira, katika sehemu nyingi wakiongozwa na viongozi wa mahali, walianza kuua majirani zao Watutsi, wazee, wanawake, watoto. Kibimba, wanafunzi wa Kitutsi kwa makumi walifungiwa kwenye kituo cha mafuta wakachomwa moto. Kisha jeshi likaingia na kuua Wahutu bila kuchagua. Makadirio ya kawaida ni watu kama 50,000 waliokufa, na laki saba hivi waliokimbilia Rwanda, Tanzania na Zaire. Tume ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 1996 kwamba Watutsi waliouawa wakati ule waliuawa kwa vitendo vya mauaji ya kimbari, na kwamba kumuua rais kulipangwa na maofisa wa jeshi.

Tusifiche hili eti kwa kumpenda Ndadaye. Walioua majirani kwa jina lake walimuua mara ya pili. Mtu aliyekataa kisasi akiwa hai, maiti yake iligeuzwa kuwa sababu ya kisasi.

Alizikwa Bujumbura Desemba 6, 1993. Januari 1994 bunge likamchagua Cyprien Ntaryamira, naye akafa Aprili 6, 1994 ndani ya ndege ya Habyarimana wakitoka kwenye mkutano Dar es Salaam. Sylvestre Ntibantunganya akashika. Septemba 1994 FRODEBU ikalazimika kusaini makubaliano ya kuwapa wapinzani asilimia 45 ya nafasi serikalini. Piga hesabu: walichokosa kwa kura, wamekipata kwa hofu. Julai 1996 Buyoya akarudi kwa mapinduzi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea kwa miaka mingi. Makadirio yanataja watu laki tatu kwa jumla.

Hapo ndipo jina la Mwalimu Nyerere linapoingia. Alianza usuluhishi mwaka 1996, mazungumzo ya Arusha yakafunguliwa Juni 1998, akafariki Oktoba 1999 kabla hayajaisha, Mandela akayabeba. Agosti 28, 2000 mkataba ukasainiwa. Ukiusoma unaona kama vile mtu kakaa na maisha ya Ndadaye mezani akajiuliza, tungefanya nini yasitokee? Jeshi: kabila lolote lisizidi nusu. Bunge na serikali: madaraka yagawanywe kati ya Wahutu na Watutsi. Seneti: nusu kwa nusu. Ardhi ya wakimbizi: iwepo tume yake. Yaani mambo yaleyale aliyoyagusa peke yake kwa siku mia moja, safari hii yakaandikwa na pande zilizokaa mezani kabla ya uchaguzi.

Na yalisaidia. Uchaguzi wa 2005 ulimleta Pierre Nkurunziza, ambaye naye baba yake aliuawa 1972, na jeshi la zamani na waasi wakavaa sare moja. Lakini mwaka 2015 alipong'ang'ania muhula wa tatu, nchi ikawaka tena, jaribio la mapinduzi la Mei 13 likashindwa, na watu zaidi ya laki tatu wakakimbia. Cha kuangalia ni kwamba aliyetangaza mapinduzi yale alikuwa jenerali Mhutu, mpiganaji mwenzake wa msituni. Safari hiyo mgawanyo wa makabila jeshini ulikuwa umerekebishwa, na bado swali likabaki palepale. Nani anamzuia mwenye bunduki, na nani anamtoa mwenye kiti muda wake ukiisha?

Leo Oktoba 21 ni siku ya mapumziko Burundi. Sura yake iliwekwa kwenye noti ya faranga 10,000 iliyotoka mwaka 2004, akiwa pamoja na Rwagasore. Mwaka 2019 uwanja wa ndege wa Bujumbura ulipewa jina lake. Kesi yake je? Mwaka 1999 mahakama iliwahukumu baadhi ya wanajeshi, vigogo kadhaa wakaachiwa. Oktoba 2020 Buyoya na wenzake wakahukumiwa kifungo cha maisha, yeye akiwa hayupo mahakamani na akikana kuhusika. Miezi miwili baadaye akafariki. Kwa hiyo miaka 27 ilipita ndipo hukumu kubwa ikatoka, na ilitoka wakati wenye madaraka ni wengine. Kila mtu aliisoma kwa jicho la chama chake.

Mimi ninachokiona kwenye maisha haya ni hiki. Kura inampa mtu haki ya kutawala. Uwezo wa kutawala unatoka kwingine: jeshi linalotii yeyote aliyechaguliwa, mahakama isiyongoja upepo, na aliyeshindwa kuwa na uhakika kwamba kesho ataamka na kazi yake, shamba lake na uhai wake. Ndadaye alikuwa na cha kwanza kwa asilimia 65. Vingine alitaka kuvijenga huku akiwa ameshakaa kwenye kiti, na hakupewa muda.

Je, angeanza na lipi? Ungekuwa wewe umeapishwa Julai 10, 1993, una kura zote zile na huna hata kikosi kimoja cha kukutii, ungegusa nini kwanza na ungeacha nini kingoje? Uwanja wa maoni uko hapo chini. Mdau wa Burundi, wa Kigoma, wa popote, mwaga hoja. Matusi ya ukabila nitayafuta bila kuomba radhi.